Jiwe la Kisigino

Shangazi Somoe alipofariki nilirithi vitu vitatu:
ufunguo wa sanduku lisilokuwepo,
deni la duka la Bunu, shilingi mia sita na arubaini,
na jiwe la kusugulia kisigino,
jepesi, la kijivu, lenye vitundu kama mkate wa kumimina.

Lilikuwa likielea birikani.
"Iwe hili halizami," akisema. "Lina pumzi ndani."
Babu yake aliliokota ufuoni Shela
siku bahari ilipoleta mawe yakiogelea,
mengi, kama vifuu baada ya harusi.
Hakuna aliyejua yametoka wapi.

Mimi najua. Nalipwa kujua.
Jumanne, kidato cha tatu, kipindi cha mwisho,
joto limewalaza hata nzi,
naliweka jiwe kwenye beseni la maji, naliacha lijisemee.

Kuna milima, nawaambia, isiyo milima.
Kilele hukioni. Waona bonde, ziwa, ng'ombe wakila majani.
Chini, kilomita kadhaa chini, mwamba ulioyeyuka,
mzito kama mchele uliosagwa kwa tui,
na hamira yake ni mvuke uliofungiwa.
Unaumuka. Miaka elfu, na elfu nyingine. Hauna haraka.
Ardhi ya juu inavimba upana wa ukucha, inashuka, inavimba,
kama kifua cha mtu anayejifanya kalala.

Siku paa likiachia, halitoboki tundu moja.
Linapasuka mviringo, kama kifuniko,
na kila kilichofungiwa kinakumbuka kuwa ni hewa.
Mwamba wote unakuwa povu.
Lingine linapanda kuyapita mawingu,
lingine, zito, linaporomoka kando
na hakuna gari la kulikimbia.
Kisha chumba kile cha chini, kikiwa kitupu, hakina cha kubebea paa.
Nchi inaanguka ndani yake.

Ndivyo Toba, kule Sumatra, miaka elfu sabini na nne iliyopita.
Shimo lililobaki leo ni ziwa.
Lipime kutoka Mokowe kwenda Garsen:
abiria angesinzia, akaamka, akasinzia tena,
dirishani bado ni maji.

Mwanajuma Famau, ambaye haulizi, akauliza:
"Ikitokea leo, mwalimu, sisi wa Lamu tutaona nini?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni. Salfa. Halijoto. Mavuno.
Nikalitazama beseni.

Labda mngurumo. Tutasema ni radi.
Kisha jua lichomoze jekundu na lisipoe wekundu hata adhuhuri.
Vumbi laini mgongoni mwa punda.
Mtu atawadhe, maji yamgeuke tope kiganjani.
Watu wa Langoni wagombanie makoti.
Masika yasije; tuseme yamechelewa.
Vuli nayo tuseme hivyo hivyo, kwa sauti ndogo.
Bunu auze mchele kwa kikombe, halafu kwa kijiko,
halafu atie komeo, na tusimlaumu.
Wa karibu na mlima wataangukiwa na paa.
Sisi wa mbali tutaangukiwa na sahani tupu.

Kimya. Kisha Badi, kutoka nyuma:
"Basi kazi ya ziada tusifanye?"
Wakacheka, nikacheka.

Si kesho, nikawaambia. Pengine si kwa miaka elfu kumi.
Na katika tope la Ziwa Nyasa
kuna uzi wa majivu ya Toba, mwembamba hata jicho haliuoni.
Chini ya uzi ule kulikuwa na watu. Juu yake, watu.
Kama tumo humu darasani
basi yuko mama mmoja aliyechimba mizizi akavuka.
Jina lake halimo kwenye silabasi.

Usiku nasugua kisigino.
Unga wa kijivu unateremka mferejini,
moto wa nchi ya wengine, kidogo kidogo.
Shangazi alilila nusu. Nusu ni yangu.

Kesho nitampelekea Bunu mia mbili.